Kahawa ya Baada ya Isha

Kisiwani Kojani, mashariki ya Pemba, chakula cha usiku hakiishi sahani zinapoondolewa. Isha ikishasaliwa watu hurejea barazani, salamu za masalkheri zikapokezanwa, kisha kahawa ikaletwa: nyeusi, chungu, bila sukari, katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Katika mji wa Waislamu kileo hakina nafasi. Kinachofunga mlo ni kahawa, na kwa maoni yangu hakuna kinywaji kilichopikwa kwa uangalifu zaidi kwa gharama ndogo hivyo.

Pemba ni nchi ya karafuu. Buni hutoka bara, ama ile ya Kagera, nzito na kali, ama ile ya Kilimanjaro yenye harufu nyororo. Ikifika huwa mbichi, kijani iliyopauka, na ukiinusa hutapata hata chembe ya kahawa. Harufu yote tunayoijua huzaliwa kaangoni.

Hapa ndipo mpikaji hodari anapojulikana. Moto wake si mkubwa, na mwiko haupumziki, maana buni ikikaa mahali pamoja huungua upande mmoja huku upande wa pili ungali mbichi. Punje hugeuka manjano, kisha kahawia, halafu, joto likifika nyuzi 200 hivi, hupasuka kwa sauti kama bisi. Anayependa kahawa nyepesi angeepua hapo. Wasaudi wengi huishia karibu na hapo, wakaizidishia iliki. Sisi wa mwambao huendelea mpaka mlio wa pili, mwembamba na wa haraka zaidi, mafuta yaanze kung'aa juu ya punje. Kati ya mlio huo na majivu pana muda mfupi sana. Mpikaji hana kipima joto. Anasikiliza, anaangalia rangi ya moshi, anavuta pumzi, na kabla hujajua kumetokea nini buni iko ungoni imetandazwa. Kuitandaza ni lazima: ikiachwa kwenye kaango, hata mbali na moto, joto lake lenyewe huendelea kuipika mpaka iharibike.

Ikishapoa hutwangwa kwenye kinu. Mashine husaga sawasawa na haraka, sikatai, lakini kinu hutoa unga wenye chembe za kila aina: laini inayoipa kahawa uzito, na nene inayozama upesi na kuacha juu kweupe. Mwenye mkono mwepesi hujua ni lini aache kutwanga.

Tangawizi huingia majini kwanza. Iliyokaushwa ina ukali zaidi kuliko mbichi, kwa sababu kukauka hubadilisha kiini chake kikawa cha kuwasha zaidi; kipande kidogo kinatosha birika zima. Iliki huvunjwa tu, haisagwi. Na karafuu? Mgeni angedhani kwamba huku, ambako hutoka sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, wangeimwaga kwa viganja. Mpikaji mwenye busara hutia moja, au haitii kabisa. Mafuta yake hutia ganzi ulimi, ndiyo maana madaktari wa meno huyatumia, na ulimi uliokufa ganzi hauonji kahawa. Heshima aliyo nayo Mpemba kwa karafuu naiona wazi zaidi katika kuibana hivi.

Maji yakichemka unga hutiwa, povu hupanda, birika huepuliwa. Povu likishuka hurudishwa motoni, likipanda tena huepuliwa tena. Kahawa haiachwi ichemke ovyo, kwani harufu yake huruka na mvuke na kinachobaki ni uchungu mtupu. Mwisho hunyunyiziwa maji baridi kidogo ili mashapo yashuke, kisha birika hukaa pembeni ya makaa yaliyofifia, likipata joto la kulitunza tu. Kusubiri huku wengi hukuruka. Ndiko kunakotenganisha kahawa na maji ya masizi.

Uchungu huo haunywewi mtupu. Kuna tende, kuna kashata ya nazi au ya njugu, na siku ya neema kuna halua ya Wete. Utamu hutangulia mdomoni, kahawa ikaufuata na kuusafisha. Ukitia sukari kikombeni umeivunja hesabu hiyo.

Wakojani ni watu wa bahari na wa dago, yaani kambi za uvuvi. Wamezipiga kambi hizo mwambao mzima, mpaka Kenya. Wanaovua dagaa kwa taa hulitaka giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu vyombo hupumzika na baraza hujaa. Kahawa imewafaa watu wa usiku tangu zamani. Masufi wa Yemen waliinywa katika karne ya 15 ili wakeshe katika ibada. Mwaka 1511 afisa wa serikali huko Makka, Khair Beg, alijaribu kuipiga marufuku, akashindwa. Mwaka 2015 UNESCO iliiweka kahawa ya Kiarabu, pamoja na adabu za kuikirimu, kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa maombi ya Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Oman na Qatar. Kahawa yetu ni ndugu yake, na inastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule.

Vijana, joto la kaskazi likizidi, huniuliza kama inaweza kunywewa baridi. Inaweza, na vizuri sana, japo kwa mvuvi barafu ni mali ya samaki kwanza. Ipike nzito maradufu, maana barafu itaizimua. Ichuje kwa kitambaa, iache ipoe yenyewe, ndipo uimimine juu ya barafu. Baridi hupunguza utamu ulimini, kwa hiyo hapa nakubali kijiko cha asali au tende zilizopondwa, zikorogwe kahawa ingali moto. Ganda jembamba la ndimu juu yake, basi. Tangawizi itabaki kuwasha kooni hata kikombe kikitoa jasho, na mgeni aliyeshiba wali na samaki atakushukuru.

Lakini ukijaliwa kukaa barazani Kojani, pokea kwanza ile ya moto. Ipokee kwa mkono wa kulia, kula tende yako, kunywa taratibu, na ukifika kwenye mashapo, acha.