Viatu Mlangoni Makindu

Sisi wa Kiruruma tukisikia neno Mhindi, tunaona duka. Hata methali tuliyofundishwa shuleni, Baniani mbaya kiatu chake dawa, ni ya mteja anayenung'unika huku ananunua. Kwa hiyo nilipoisoma darasani The In-Between World of Vikram Lall, riwaya ya M.G. Vassanji ya mwaka 2003, nilifurahi kupitishwa nyuma ya kaunta. Kisha nikakasirika. Nakuru, mwaka 1953, Njoroge anacheza na Vikram na dada yake Deepa. Wakishakua, Njoroge na Deepa wanapendana, na familia ya Deepa inakataa. Katika rasimu ya insha yangu niliandika kwamba mwandishi amewahukumu watu wake kwa ukali mno.

Rasimu hiyo ilikuwa begani nilipokuwa nasafiri kutoka Nairobi kwenda Mombasa, nikalala Makindu. Liko hekalu pale ambalo wengi huliita la Wahindi. Si la Wahindu. Ni gurdwara ya Masingasinga, iliyojengwa mwaka 1926 na watu waliofanya kazi ya reli. (Neno letu Mhindi limewatia Baniani, Singasinga na Ismailia kapu moja.) Hulala mahujaji, na msafiri yeyote pia. Nilivua viatu, nikafunika kichwa, nikala chapati na dengu, nikapewa chumba. Hakuna aliyenidai hela wala kuniuliza dini. Reli ile, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, iliua karibu vibarua 2,500 kutoka India. Babu yake Vikram ni wa wale waliobaki. Nikajiambia: chapati hii ndiyo sura ambayo Vassanji ameisahau.

Usingizi haukuja. Nilimkumbuka bibi. Kwake mgeni hajakaa sawasawa ameshapewa kahawa ya kutafuna. Dada yangu alipomleta mchumba, bibi alimpa kahawa ile ile, wakacheka. Kijana alipotaja ukoo wake, bibi akanyamaza. Harusi haikufanyika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikasema bibi yuko sahihi.

Mgeni wa usiku mmoja ni rahisi kumpenda, kwani asubuhi anaondoka. Vassanji anamwandika mgeni anayetaka kubaki, na chapati ya Makindu haimjibu, wala kahawa ya bibi. Ukali niliomlaumu nao sasa naona haukutosha. Msimulizi ni Vikram, kwa hiyo mlango tunaouona ukifungwa ni wa kina Deepa. Deepa angepokewaje kama mkwe kwa kina Njoroge? Hapo riwaya inapita haraka, na msomaji kama mimi anaponea.

Asubuhi nilitia shilingi mia tano za Kenya kwenye sanduku la sadaka, nikatafuta viatu vyangu. Insha niliiandika upya kuanzia ukurasa wa pili. Dada bado sijampa aisome.