Mwili wa Joka: Uhakiki wa Riwaya Tatu za Bahari za Robin Hobb

Katika masomo ya Agano la Kale wanafunzi wetu hukutana na lewiathani mara nyingi kuliko wanavyodhani. Yumo katika Zaburi ya 74, vichwa vyake vikipondwa. Yumo katika Isaya 27, akingojewa na upanga. Yumo pia katika Zaburi ya 104, ambako hapigwi wala hauawi, bali anacheza katika maji aliyoumbiwa. Wafasiri wa Biblia ya Union walipofika Ayubu 41 walimwita mamba, na wale wakubwa wa baharini wa Mwanzo 1:21 wakawaita nyangumi. Uamuzi huo unaonyesha tabia ya kila msomaji. Tukisikia habari za mnyama mkubwa wa baharini, hatukawii kuuliza ni mnyama wa namna gani, ana mwili gani, na anaishije.

Swali hilo la mwili ndilo tunalokusudia kulifuata katika makala hii, lakini katika uwanja mwingine, yaani riwaya za fantasia, zile zinazobuni ulimwengu mzima wenye nchi, viumbe na kanuni zake. Tumechagua riwaya tatu za Robin Hobb, mwandishi wa Marekani: Ship of Magic (1998), The Mad Ship (1999) na Ship of Destiny (2000). Hoja yetu ni kwamba mwandishi anapompa joka wa baharini mwili wa kweli, wenye kuzaliwa, kukua na kuhitaji, anabadili pia wajibu wa binadamu mbele ya joka huyo.

Joka asiye na maisha

Kwanza tutoe mfano wa kulinganisha. C. S. Lewis, ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa vitabu vyake vya kuitetea imani, alimleta nyoka mkubwa wa baharini katika The Voyage of the Dawn Treader (1952). Nyoka huyo anatokea ghafla, anaizungushia merikebu mwili wake ili aivunje, mabaharia wanausukuma mwili huo mpaka unateleza na kutoka, kisha safari inaendelea. Hatuambiwi alizaliwa wapi wala ana wenzake au hana. Tena ni mpumbavu, hata hatambui kwamba windo lake limemponyoka. Hatumlaumu Lewis kwa hilo. Alihitaji hatari ya kupima ushujaa wa wasafiri, naye akaipata. Lakini joka wa namna hiyo ni kama wimbi lenye meno: likiisha kupita, hakuna anayedaiwa kitu.

Joka mwenye maisha

Hobb anafanya kinyume. Majoka wake hutaga mayai katika mchanga wa ufukweni. Watoto wanaoanguliwa hawana mabawa. Ni nyoka wa baharini, nao huingia majini na kukaa huko miaka mingi. Wakikomaa hurudi katika mto mmoja wenye maji makali, huupanda kwa shida, na ukingoni hujifunga ndani ya kifuko cha mchanga na mate, kama kiwavi anavyojifunga kabla ya kuwa kipepeo. Mchanga huo una kumbukumbu za majoka waliotangulia. Mwanga wa jua ukikipiga kifuko kwa wakati wake, joka mwenye mabawa hutoka.

Hakuna hatua hapo ambayo haina ndugu yake katika viumbe tunavyovijua. Kasa wa kisiwa cha Mafia hutaga mchangani, na vifaranga wake hukimbilia majini. Mikunga wa mito yetu iingiayo Bahari ya Hindi huanguliwa baharini, kisha hupanda mtoni wakiwa wadogo. Samoni wa Alaska, nchi ambako Hobb alikulia, huacha bahari na kuurudia mto wa kuzaliwa kwao. Mwandishi ameziunganisha njia hizi katika mwili mmoja, na kwa sababu kila kiungo kinaaminika, msomaji anaukubali mwili wote.

Lakini mzunguko kama huo una udhaifu mkubwa, nao ndio unaozaa hadithi. Ukikatwa mahali pamoja, wote unakatika. Katika riwaya hizi mto umebadilika kwa maafa ya zamani, na nyoka wamekaa baharini kupita muda wao. Wameanza kusahau wao ni nani. Baadhi wamekuwa wanyama watupu wasiojua hata majina yao. Wachache wanaokumbuka wanamtafuta mmoja, nyoka ajulikanaye kama Yeye Akumbukaye, ili awaonyeshe njia.

Kilichomo ndani ya gogo

Hapa ndipo riwaya inapogusa dhamiri. Wafanyabiashara wa mji wa Bingtown wana merikebu zenye uhai. Sanamu iliyochongwa kwenye omo husema, hufikiri na kupenda, baada ya watu wa vizazi vitatu wa familia yenye merikebu hiyo kufia juu yake. Merikebu hizo hujengwa kwa mbao za magogo makubwa ya thamani kuliko yote, yaliyokutwa katika mji wa kale uliofukiwa ardhini. Msomaji anakuja kugundua polepole kwamba magogo yale si magogo. Ni vifuko vya majoka, vilivyokaa gizani bila jua. Kila kimoja kilipopasuliwa, kiumbe kilichokuwa ndani kilimwagwa sakafuni.

Utajiri wa mji mzima, heshima ya familia zake, na hata upendo wa kweli kati ya binti Althea na merikebu Vivacia, vyote vimejengwa juu ya mauaji ambayo wengi wa watu hawa hawakuyajua. Nao waliopasua waliona kilichodondoka, wakajifunza kutokiita kwa jina lake. Hobb anaielewa dhambi ya namna hii vizuri sana. Hana haja ya mtu mwovu. Anahitaji deni la kulipwa, bidhaa yenye bei nzuri, na desturi ya kutouliza.

Wala si jambo la bahati kwamba Vivacia hiyo hiyo inageuzwa kuwa merikebu ya watumwa, na kwamba nyoka wa baharini huzifuata merikebu za watumwa ili wale maiti zinazotupwa. Watu wamefanywa shehena ndani ya mwili uliokwisha kufanywa mbao. Msomaji wa pwani yetu, ambako watumwa walipakiwa vyomboni Kilwa Kivinje na Bagamoyo katika karne ya 19, hatazisoma sura hizo kama njozi tupu. Na anayemfungua Yeye Akumbukaye kutoka katika kifungo chake ni Wintrow, kijana aliyekuwa akisomea ukuhani katika dini ya nchi yake kabla baba yake hajamlazimisha kwenda baharini. Anamwona mnyama wa kutisha aliyefungiwa katika dimbwi, anatambua kwamba ni mfungwa, naye anafungua. Kwa maoni yetu hiyo ni mojawapo ya sura bora kabisa katika riwaya zote tatu.

Mahali tusipokubaliana

Tuna mashaka mawili. La kwanza lahusu kumbukumbu. Joka wa Hobb hupokea kumbukumbu za wazee wake mwilini, tayari na kamili. Ndiyo maana Tintaglia, joka wa kwanza kutoka kifukoni, ana kiburi kisichotikisika: anajua yote na hana la kufundishwa. Binadamu hakumbuki hivyo. Katika Kumbukumbu la Torati 6 mtoto huuliza na mzazi humsimulia, na katika kuuliza huko kuna nafasi ya toba. Twaona kwamba Hobb mwenyewe alihisi upungufu huu, kwa kuwa nyoka waliosahau hawaponywi na miili yao peke yake, bali kwa msaada wa shahidi anayekumbuka.

La pili lahusu mwisho. Ukweli ukiisha kujulikana, Tintaglia na Wafanyabiashara wanafikia mkataba: joka ataulinda mto dhidi ya adui, nao watawasaidia nyoka kuupanda. Ni malipo ya haki, lakini ni ya biashara. Hakuna anayeungama mbele ya aliyekosewa. Na merikebu, ambazo ni maiti zinazopenda, zinaendelea kusafiri. Ni mwaka 2017 tu, katika Assassin's Fate, ndipo mwandishi alipolirudia swali la merikebu hizo.

Hata hivyo tunamsifu kwa kutoiponya dunia yake kwa haraka. Katika Dragon Keeper (2009) tunaona kilichotokana na nyoka waliofika mtoni wakiwa wamechelewa na kudhoofika: majoka wanatoka vifukoni wakiwa na vilema, wengine hawawezi kuruka. Kosa limejulikana, na fidia imetolewa, lakini mwili bado unabeba alama. Wachungaji waliokaa na familia zilizovunjika wataona ukweli wa jambo hilo.

Hitimisho

Tunawapendekezea wanafunzi wa Agano la Kale riwaya hizi, wazisome pamoja na Ayubu 41 na Zaburi ya 104. Tumezoea kuhubiri joka kama adui tu, na Ufunuo 12 unatupa sababu. Lakini Maandiko yana pia joka aliye kiumbe, na juu ya huyo mahubiri yetu yamekuwa machache. Tahadhari moja ni lazima: vitabu hivi ni virefu na vina ukatili, pamoja na ubakaji, hivyo havifai kupewa watoto wa kipaimara. Kwa mtu mzima mwenye subira, vitamfanya aulize kila gogo la thamani lilitoka wapi, na ndani yake mlikuwa na nini.