Kompyuta mpya ya ofisi: mfumo endeshi usichaguliwe na muuzaji

Ukienda kununua kompyuta ya ofisi, utaulizwa RAM ngapi, diski kubwa kiasi gani, kioo cha inchi ngapi. Mfumo endeshi je? Hapo muuzaji anakwambia tu "tutakuwekea", basi, yameisha. Halafu mnakaa na uamuzi huo miaka mitano.

Tukumbushane kidogo. Mfumo endeshi ndio unaogawa muda wa prosesa na nafasi ya kumbukumbu, ndio unaoamua nani afungue faili lipi, na ndio unaozungumza na printa. Ukiwa na tundu, kila kilichokaa juu yake kiko hatarini, hata uwe na nywila ndefu kama reli.

Tuanze na Windows 11. Sifa yake ni kubwa na ni ya haki: programu nyingi za uhasibu, kama Tally, zimetengenezwa kwa ajili ya Windows, na printa nyingi ukizichomeka tu zinafanya kazi. Lakini lawama zipo. Inadai chipu ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, wakati msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Chipu hiyo ina faida, maana hutunza funguo zinazofanya diski iliyoibiwa isisomeke. Ila kwa sharti hilo mashine nyingi nzima kabisa zimeachwa nje. Tena, toleo la Home linakusukuma uingie kwa akaunti ya Microsoft wakati wa kuliweka. Sasa jiulize, ofisini itakuwa akaunti ya nani? Mhasibu akiacha kazi, mtamtafuta wapi?

Baya kuliko yote ni ile Windows ya "crack". Programu ya kuvunja leseni huiendesha kwa mamlaka ya msimamizi, mara nyingi baada ya kuambiwa uzime kinga ya virusi. Hebu fikiria: unamkabidhi mtu usiyemjua ufunguo wa stoo, na mlinzi umempa likizo! Wengine huzima na masasisho ili leseni isikaguliwe. Mei 2017, WannaCry ilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia, na kiraka cha tundu lile Microsoft walikuwa wamekitoa tangu Machi. Waliokuwa wamesasisha mashine zao walilala usingizi.

Upande wa pili kuna Linux. Ubuntu 24.04 LTS, iliyotoka Aprili 2024, ni ya bure na ina miaka mitano ya masasisho ya usalama. Kwa barua, baruapepe na mifumo inayofunguka kwenye kivinjari, inatosha kabisa. Lakini tusidanganyane: Excel yenye makro nyingi inaweza kukugomea ndani ya LibreOffice, na baadhi ya skana hazitambuliki. Bure ya leseni si bure ya muda wa fundi.

Tazama yaliyotokea Ulaya. Jiji la Munich lilihamia Linux kwa miaka mingi, kisha mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows. Askari wa Gendarmerie wa Ufaransa walifanya kwa utaratibu mwingine: mwaka 2005 walianza na OpenOffice, kisha Firefox, na Ubuntu ikaja mwaka 2008. Mpaka mfumo endeshi unabadilika, watumiaji walikuwa wameshazoea programu zao. Somo ni kwamba programu za kazi ndizo zinazotangulia.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, andika programu zote ambazo ofisi haiwezi kukaa siku moja bila hizo. Kama hata moja inataka Windows, nunua Windows 11 Pro yenye leseni halali, na gharama yake iingie kwenye bajeti ya kompyuta tangu mwanzo. Kama hakuna, weka Ubuntu kwenye flashi na uiwashe kutoka hapo bila kugusa diski. Chapa ukurasa mmoja, skani mmoja, fungua lile faili la Excel linalosumbua kuliko yote. Nusu saa inatosha, na jibu utakuwa umelipata mwenyewe, si kwa muuzaji.