Mkono Uachwe Umalize

Msichana wa kidato cha tatu alikaa mbele ya kompyuta dakika arubaini nzima akipambana na mahali pamoja tu katika filamu yake. Alikuwa amempiga picha bibi yake akisuka ukili barazani: vidole vinavuta ukindu, vinaupitisha chini ya mwenzake, vinakaza. Baada ya hapo alitaka tuuone uso wa bibi. Kila akikata, kitu kinamkera na hajui ni nini. "Mwalimu, hapa panashtua," akaniambia. Nikamwomba azime sauti, autazame mkono peke yake, aufuate kwa macho kama mtu anayetaka kujifunza kusuka. Mara ya tatu akajishika mdomo. Mkono ulikuwa umeanza kukaza ukindu, na kabla haujamaliza, picha imekwisha kuondoka. Akarudisha fremu kumi na moja. Sisi hupiga picha kwa fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo alichokiongeza hakikufika hata nusu sekunde. Akacheza upya. Mkono ukakaza, ukatulia, na uso wa bibi ukaja kama jambo lililokuwa likisubiriwa.

Nasimamia chama cha filamu cha shule yetu, hapa pwani ya Kenya, jioni baada ya vipindi, na kazi inayomfunza kijana kutazama kuishinda hii ya kuhariri sijaiona. Kamera husifiwa na kila mtu, kwa sababu inaonekana. Waigizaji husifiwa kwa sababu wanaonekana zaidi. Mhariri akifanya kazi yake sawasawa hakuna anayemtaja, maana mtazamaji ameona bibi akisuka, hakuona mahali picha mbili zilipokutana.

Ni vivyo hivyo kwa mkeka. Ukili husukwa mwembamba na mrefu, ukaviringwa, kisha ndipo hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka utoke mkeka mpana. Bibi wa yule msichana, akipewa mkeka wa mtu mwingine, kwanza haangalii rangi. Hufunga macho akapitisha kiganja juu yake, akitafuta mshono. Nimependa kuwaambia wanafunzi kwamba filamu zilipokuwa bado ni utepe wa kukatwa kwa mkasi, kazi hii kule Hollywood ilifanywa na wanawake wengi, na watu waliiona kuwa ni jamaa ya ushonaji. Katika filamu ya Kisovieti ya Dziga Vertov, Man with a Movie Camera ya mwaka 1929, kuna sehemu ambapo tunamwona mhariri mwenyewe, Elizaveta Svilova, ameketi mezani kwake na vipande vya utepe, anachagua, anakata, anaunganisha. Nikiionyesha sehemu hiyo darasani, wasichana huinuka vitini.

Somo la kwanza ninalotoa halihitaji kompyuta. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, alichukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso usioonyesha lolote, akauweka karibu na bakuli la supu, kisha uso ule ule karibu na jeneza. Watazamaji wakaona njaa, kisha wakaona huzuni. Sisi tulimwomba mlinzi wa lango akae kimya atazame mbele, tukampiga picha kwa sekunde sita. Tukamwekea sahani ya pilau. Tukamwekea kiti kitupu. Tukamwekea mtoto anayecheza kwa mbali. Darasa likacheka kwenye pilau, likanyamaza kwenye kiti. Mlinzi mwenyewe alipoitwa kutazama, alikikazia macho kile kiti, akasema: "Lakini mimi sikuwa na huzuni siku ile." Hapo niliwasimamisha. Mzee huyu, mnampenda, na mmemwekea huzuni usoni bila yeye kujua. Mngeweza kumwekea wizi. Mngeweza kumwekea tamaa.

Kuanzia siku hiyo nilielewa kanuni za darasa langu zilitoka wapi. Zimeandikwa kwenye karatasi ya manila ukutani, kwa kalamu nene, na herufi za juu zimeanza kufifia kwa jua la dirishani. Nyingine ni za kawaida tu: chai ikae nje ya mlango, vipokea sauti masikioni, folda ya mwenzako haiguswi. Lakini kuna chache ambazo nazishikilia kwa nguvu zote. Picha asili haikatwi kamwe, hukatwa nakala, na nakala ziwe tatu, moja ikae nje ya chumba hiki. Stima imeshatupotelea katikati ya kazi mara nyingi mno, na diski moja ikafa na harusi ya watu ndani yake. Hapigwi picha mtu ambaye hajaombwa. Na iliyo ngumu kwao kuliko zote: hakuna anayekata chochote kabla hajaitazama kazi yote aliyoipiga, mwanzo hadi mwisho, mikono mapajani.

Wanaichukia hiyo ya mwisho. Wao wanataka kufika, wafungue programu, waanze kuburuta vipande. Nami huwatajia Walter Murch, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa wahariri wa Apocalypse Now, filamu ya Francis Ford Coppola iliyotoka mwaka 1979. Picha zilizopigwa zilizidi saa 230. Murch alipokuja kupiga hesabu, akagawanya kata zilizobaki katika filamu kwa siku za kazi za wahariri wote, alipata kila mhariri alifanya wastani wa kata 1.47 kwa siku. Moja na nusu, tena haikutimia! Kijana aliyezoea kumaliza video nzima jioni moja husikia namba hiyo akadhani nimekosea. Sikukosea. Saa nyingine zote za siku walikuwa wakitazama, wakijaribu njia, wakizitupa.

Kuna mwaka wavulana wanne waliniletea filamu ya dakika tano kuhusu wavuvi. Chini yake, toka mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na wimbo wa bongo fleva uliokuwa ukivuma wakati huo. Nikawauliza ni nani aliyewaruhusu. Mmoja akajibu kwa uhakika kwamba ukichukua chini ya sekunde 30 si kosa. Mwingine akanionyesha maandishi aliyoyaweka mwishoni, kwamba wao si wamiliki wa muziki huo. Majibu haya mawili nayasikia kila mwaka, na yote mawili ni uvumi. Hakuna sekunde zilizotajwa, si katika sheria ya Kenya wala ya Marekani. Na kuandika kwamba kitu si chako ni kukiri tu, ruhusa haimo.

Wanachokisikia mitandaoni ni vumbi la sheria ya Marekani ya mwaka 1976, ambayo kifungu chake cha 107 kinamtaka hakimu apime mambo manne: umeitumia kazi ya mwenzako kwa dhumuni gani, ni kazi ya aina gani, umechukua kiasi gani, na soko la mwenyewe limeathirika vipi. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya huko ilipima kesi ya kundi la 2 Live Crew lililougeuza kwa dhihaka wimbo wa Roy Orbison, Oh, Pretty Woman, ikasema hata dhihaka inayouzwa inaweza kuwa matumizi ya haki. Inaweza. Hupimwa, kesi kwa kesi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ina mlango wake: utafiti, matumizi yako binafsi, uhakiki, kuripoti habari, mradi umtaje mwenye kazi. Mkataba wa Berne, ambao Kenya iliingia mwaka 1993, unazipa nchi nafasi ya kuruhusu kazi za watu zitumike kufafanulia somo, kwa kiasi na kwa uungwana.

Darasani nayafupisha haya kwa swali moja. Je, unaizungumzia kazi ya huyu mtu, au unamtumia akufanyie kazi yako? Nikionyesha dakika mbili za Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, tukaisimamisha, tukauliza kwa nini amekata hapa na si pale, tunaizungumzia. Wavulana wangu na wimbo wao hawakuwa na neno lolote la kusema juu ya wimbo ule. Walimchukua mwimbaji wakamtwika ngalawa.

Niliwaambia wauondoe wautazame mkanda mtupu. Ilikuwa jioni ya uchungu, sitaficha. Filamu ikalala chini. Picha zilikaa muda mrefu bila sababu, kata zilianguka ovyo, nahodha alitazama kulia na samaki wakatokea juu. Wimbo ndio uliokuwa umezibeba zote mgongoni, na wao wakadhani zinatembea. Wakarudi ufuoni na kinasa sauti. Wakaleta kamba ikilalama kwenye mlingoti, maji yakipiga ubavu wa chombo, wakaleta pia dakika moja ya ufuo mtulivu bila mtu kusema, ambayo ndiyo niliyowasisitizia, maana ukimya wa mahali una sauti yake na bila huo kila mshono wa sauti utasikika. Na wakaleta mnada. Sauti ya mnadi akipandisha bei waliianzisha sekunde mbili kabla ya picha ya soko, ngalawa ikiwa bado baharini. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nywele zilinisimama. Wavuvi hawajafika pwani, na tayari bei inatajwa juu ya vichwa vyao. Wavulana wenyewe ndio walioligundua, kwa kuwa hawakuwa tena na kitu cha kujifichia.

Nina sababu yangu pia ya kulishika jambo hili kwa moyo. Miaka ya nyuma nilipiga picha jahazi likiingia alfajiri, sekunde tisa tu, nikaziweka mahali watu waone. Baadaye nikazikuta katika tangazo la kampuni moja. Hawakuniuliza, hawakunitaja. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba walikuwa wameigeuza picha, kushoto ikawa kulia, pengine ili chombo kielekee upande wa nembo yao, na jina la jahazi lililopakwa rangi ubavuni likawa linasomeka kinyume. Wameikata, wameipaka rangi, wameirusha hewani, na hakuna hata mmoja wao aliyeitazama. Lile jina mtu alilipaka kwa mkono wake.

Anayehariri hana kitu kilicho chake peke yake mezani. Uso ni wa bibi, sauti ni ya mnadi, baraza ni ya jirani, mwanga ni wa saa kumi na moja jioni. Chake ni uamuzi wa wapi kianze na wapi kiishe, basi. Ndiyo maana siwezi kufundisha kukata Jumatatu na hakimiliki Ijumaa kana kwamba ni masomo mawili. Yule anayeukatiza mkono wa bibi kabla haujamaliza kukaza ukindu, na yule anayeligeuza jahazi la watu, wamekosea jambo lile lile kwa vipimo tofauti.

Msichana wa ukili naye alihitaji wimbo. Bibi yake alikuwa amemwambia kwamba ujanani, wakisuka kwa pamoja kujitayarisha na harusi, waliimba nyimbo za vugo, zile za pembe. Akaniuliza wimbo wa zamani kama huo ni wa nani. Ni swali ambalo hata wanasheria hulizunguka. Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi mwaka 2016, na msingi wake ni kwamba jamii iliyolea kitu ina haki juu yake hata kama hakuna jina la mtunzi. Mimi nilimjibu kwa kifupi: nenda ukaombe. Akaenda na sukari na majani ya chai. Wakakusanyika wanawake watano, mmoja akaitoa pembe ya nyati chini ya kitanda, imefungwa ndani ya kanga. Waliimba mara mbili. Kabla ya mara ya pili mmoja akamwambia, "Huu ubeti usiutoe nje, mwanangu, ni wa ndani." Ubeti ule haumo katika filamu. Nimeusikia, ulikuwa mtamu kuliko zote, na aliufuta mbele yangu pasipo kuambiwa.

Alifuta na kitu kingine. Alikuwa na picha ya jua likizama nyuma ya mnara wa msikiti, nzuri kiasi cha kutundikwa ukutani. Murch huweka hisia mbele ya yote anapopima kata, huipa asilimia 51, zaidi ya vigezo vingine vyote vikijumlishwa. Msichana aliitazama ile picha siku tatu, akasema haimwongezei bibi kitu, akaitoa.

Tuliwaalika wale wanawake shuleni. Wakaketi kwenye madawati ya mbele, mikoba mapajani, mapazia yamefungwa kwa pini. Filamu ikaisha, na majina yao matano yakapanda kwenye kitambaa cheupe, kila moja kwenye mstari wake, na chini yake jina la kijiji. Yakakaa sekunde mbili, yakaondoka. Bibi yake alikuwa bado amenyoosha kidole, anasoma jina la kwanza kwa sauti ya chini, silabi kwa silabi. Msichana alimwona. Akasubiri wageni wapewe chai, akarudi kwenye kompyuta, akaufungua mwisho wa filamu na kuongeza fremu mia moja.