Haki si zawadi: Tuisome ‘Kusadikika’ upya

JUMA lililopita nilikuwa nikifunza darasa moja hapa Kakamega kuhusu misingi ya kifalsafa ya uhakiki wa fasihi. Tulifika kwenye vuguvugu lililotikisa Ulaya katika karne ya 18, ambalo wengi wetu huliita Zama za Mwangaza. Nikawaeleza kuhusu John Locke aliyeshikilia kwamba uhai, uhuru na mali ni haki za binadamu kabla hata serikali haijaundwa. Nikawaeleza pia kuhusu Immanuel Kant ambaye mnamo 1784 alimhimiza mtu athubutu kutumia akili yake mwenyewe, asingoje kufikiriwa na mwingine. Nikamalizia na Azimio la Haki za Binadamu na Raia la Ufaransa, 1789.

Mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono. “Mwalimu, kama wao walikuwa kwa mwangaza, kwani sisi tulikuwa gizani?”

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana swali lenyewe lilikuwa limetua palepale panapouma. Istilahi hubeba msimamo. Ukisema ‘mwangaza’, tayari umemchora aliyeshika taa na aliyeketi gizani akingoja kumulikiwa. Ilhali kiini cha hoja ya Kant ni kinyume cha hayo: kwamba hakuna wa kukushikia taa. Kiswahili kina neno ‘razini’, yaani mwenye akili timamu na busara, na kutokana nalo wanafalsafa wetu wamepata ‘urazini’. Maoni yangu ni kwamba ‘Zama za Mwangaza’ libaki kuwa jina la kipindi cha historia ya Ulaya. Tunapozungumzia fikra yenyewe, tuseme urazini. Huo hauna kwao.

Ili kulithibitisha hilo, niliwarejesha wanafunzi kwenye ‘Kusadikika’ ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama fumbo la utawala wa kikoloni Tanganyika. Usomaji huo si mbaya, ila unaishia njiani. Hebu tujiulize: Karama anashtakiwa kwa kosa gani? Hakuiba wala hakuua, na hakushika silaha dhidi ya mfalme. Kosa lake ni kutaka kuwafunza watu sheria. Waziri Majivuno anajua fika kwamba raia anayeijua sheria atauliza maswali. Naye Karama anajitetea kwa hoja tupu, akisimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao, waliporudi wakatiwa gerezani. Kama huo si urazini, basi sijui urazini ni nini. Na aliyeuandika ni mzaliwa wa Tanga aliyeajiriwa na serikali hiyohiyo ya kikoloni.

Nilidhani nimelijibu swali. Kumbe bado. Binti mmoja akasema, “Lakini mwalimu, Karama si aliachiliwa tu? Mfalme ndiye alimpea haki yake.”

Nilitaka kumsahihisha kwamba kitenzi sanifu ni ‘alimpa’. Nikajizuia. Binti huyo alikuwa ameliona jambo ambalo mimi, kwa miaka yote niliyoifunza riwaya hii, nimekuwa nikilipita. Ni kweli: Karama anashinda kwa hoja, lakini ushindi wenyewe unatoka kinywani mwa mfalme. Siku ya pili mfalme akiamka na moyo mwingine, Karama atashika nini? Tena raia wa kawaida wa Kusadikika, ambao kwa ajili yao haya yote yanafanyika, hatusikii sauti yao. Wajumbe nao wote ni wanaume. Hapo ndipo nadhani riwaya inapungukiwa. Inaamini kwamba mtawala akielezwa vizuri ataelewa, na akielewa atatenda haki.

Sisi wa Kakamega tuna sababu ya kuwa na shaka na imani hiyo. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Iliahidi kwamba ardhi zilizotengewa Waafrika zingekuwa zao milele. Sehemu yoyote ikitwaliwa, wangefidiwa ardhi nyingine yenye thamani sawa, na Baraza la Wenyeji lingeshauriwa kwanza. Mwaka uliofuata, dhahabu ikagunduliwa hapa. Wachimbaji wa Kizungu wakamiminika, na hadi leo jina la mgodi wa Rosterman limebaki kuwa jina la mtaa. Na ile ahadi ya milele? Mnamo Desemba 1932 sheria ikarekebishwa: ardhi ya uchimbaji ingeweza kutwaliwa bila kufidiwa ardhi nyingine, na bila baraza kushauriwa. Fidia ikawa pesa. Walter Owen, kasisi mkuu wa Kavirondo, alipinga hadharani, lakini haikusaidia kitu. ‘Milele’ ilidumu miaka miwili hivi.

Watunga sheria hao walitoka katika nchi ya Locke, aliyeitetea mali ya mtu dhidi ya serikali. Hawakukosa mwangaza. Tatizo ni kwamba haki ya mwenyeji waliihesabu kuwa kitu walichompa wao, na aliyekupa anaweza kukunyang’anya. Wahenga hawakukosea waliposema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Ndiyo maana kitenzi cha yule binti bado kinanisumbua. Sikiliza tunavyosema mitaani: ‘tumepewa haki zetu’, ‘serikali itupatie haki’. Hata kwenye magazeti na hotuba, haki hutolewa kama unga wa msaada. Ilhali Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 19, inatamka wazi kwamba haki ni za kila mtu na hazitolewi na Serikali. Katiba imesonga mbele, lugha yetu imebaki kwenye baraza la mfalme. Kiswahili hakijakosa vitenzi: haki hudaiwa, hutetewa, hulindwa na huheshimiwa. Ikinyimwa, wa kulaumiwa ni aliyeizuia.

Sisemi tuitupe ‘Kusadikika’. Nasema tuifunze pamoja na udhaifu wake, na mwanafunzi aruhusiwe kumuuliza Shaaban Robert maswali kama vile Karama alivyoliuliza baraza. Mwalimu anayemkariri Karama kisha akamnyamazisha mwanafunzi anayehoji anafanya kazi ya Majivuno.

Yule binti nimemwomba aandike insha kuhusu hoja yake. Kitenzi chake nitamsahihishia huko.