Nyayo za Mgeni na Dhana ya Mwenyeji

Katika siku hizi zetu ni nadra kuona duka, skuli, chama au jumuiya isiyotamani kuwa na tovuti yake katika intaneti. Na kila mwenye tovuti, baada ya kuifungua, hachelewi kujiuliza: Nani aingiaye? Aingilia ukurasa gani, apitia wapi, na atokea wapi? Maswali haya si mabaya. Mwenye nyumba asiyejua kama wageni wake wamekaa au wamesimama, huyo hakukaribisha mtu. Lakini pamezuka elimu nzima ya kuyajibu maswali hayo, ina vyombo vyake na mafundi wake, na watu wengi wameipokea kama kwamba ni kioo kinachoonyesha yaliyomo moyoni mwa mtu. Elimu hii ndiyo tuliyokusudia kuipima leo kwa insafu. Tutasema wema wake, kisha tutasema upungufu wake, na mwisho tutatoa hukumu.

Asili ya jambo hili ni ndogo. Kila mtu afunguapo ukurasa, kompyuta inayouhifadhi, iitwayo seva, huandika mstari mmoja katika daftari lake: anwani ya kompyuta iliyouliza, saa, ukurasa ulioombwa, na kama ulipatikana au haukupatikana. Katika miaka ya 1990 mafundi walikuwa wakiyasoma madaftari hayo ili wajue kipi chasomwa na kipi kimevunjika. Lakini seva haikuwa na kumbukumbu. Mtu yule yule akirudi baada ya dakika moja, ilimpokea kama mgeni mpya. Mwaka 1994 fundi mmoja wa kampuni ya Netscape, Lou Montulli, akatunga dawa ya usahaulifu huo. Alitunga alama ndogo ya maandishi ambayo tovuti huiweka ndani ya kivinjari cha mgeni, na kivinjari huirudisha kila mgeni arudipo. Wenyewe wakaiita kwa jina la biskuti, nasi tumeipokea kwa jina la kuki. Na kazi yake ya mwanzo ilikuwa ni hiyo hiyo ya kujua kama aliyeingia katika tovuti ya Netscape amewahi kuingia kabla.

Mwaka 2005 kampuni ya Google ikainunua kampuni iitwayo Urchin, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo ikatoa chombo chake, Google Analytics, bila ya malipo. Hapo elimu hii ikatoka katika makampuni makubwa ikaingia kwa kila mtu, hata kwa muuza kanzu mwenye kurasa tatu. Namna ya kazi yake ni kuwa mwenye tovuti hutia maneno machache ya programu katika kila ukurasa. Mgeni afunguapo, simu yake mwenyewe ndiyo ipelekayo khabari zake. Wala haizipeleki kwa mwenyeji moja kwa moja, bali huzipeleka katika hazina ya kampuni iliyotengeneza chombo, na mwenyeji huenda kusoma huko. Neno hili la mwisho tunamwomba msomaji aliweke akilini, kwani tutalirudia.

Ama wema wake, haufai kukanwa. Tuchukue mfano wa tovuti ya madrasa yenye ukurasa wa kuandikisha watoto. Tuseme watu 100 waufungua ukurasa huo, 80 waanza kujaza fomu, na 12 tu waimaliza. Hapa mwenye akili hatasema kuwa wazazi wa siku hizi hawajali elimu. Ataitazama fomu yake, na huenda akaona kuwa yataka nambari ya cheti ambacho mama aliyeshika simu jikoni hana mkononi. Bila ya hesabu ile angeliendelea kuwalaumu wazee bure. Wataalamu wawili wa Marekani, Peter Pirolli na Stuart Card, waliandika mwaka 1999 kuwa mtu atafutaye khabari huenda kama mnyama atafutaye chakula: hufuata harufu. Kichwa cha ukurasa kikimpa harufu ya akitakacho, huingia. Harufu ikififia, hurudi nyuma akajaribu kwengine. Hili ni somo jema, nalo lamfunza mwenyeji kuwa jina la mlango lisidanganye kuhusu kilichoko ndani.

Upungufu waanza pale mtu aachapo kusema, "wamepita hapa," akasema, "wamependa hiki na wamechukia kile." Nyayo hutwambia mtu alipopita. Kwa nini alipita, hilo halimo katika nyayo.

Kwanza, tutazame kipimo cha muda. Katika toleo la zamani la Google Analytics, ambalo liliacha kupokea hesabu mwezi wa Julai 2023, muda wa mgeni katika ukurasa ulipatikana kwa kutazama saa aliyoufungua na saa aliyofungua ukurasa uliofuata. Asiyefungua ukurasa wa pili, kwa desturi ya chombo kile, hakuwa na muda wowote. Basi mtu aliyefungua makala, akaisoma nusu saa kwa mazingatio, kisha akaiweka simu akaenda zake, aliandikiwa sifuri na akahesabiwa pamoja na waliochungulia wakatoka. Waandishi wangapi waliambiwa kuwa makala zao ndefu hazisomwi kwa ushahidi wa namna hii? Toleo jipya limejaribu kutengeneza. Sasa mgeni akikaa zaidi ya sekunde 10 huhesabiwa kuwa amejishughulisha. Sekunde kumi, ndugu msomaji, ni muda wa mzee kuitafuta miwani yake.

Na hata kipimo kingekuwa sahihi, maana yake ingebaki na shaka. Mtu afungua tovuti ya msikiti kutazama saa ya Magharibi, aiona, aondoka. Amefaidika kamili, na mwenyeji amemfaa. Lakini katika hesabu ni mtu wa ukurasa mmoja aliyeondoka upesi. Mwengine afungua kurasa tisa, na fundi afurahi kuwa tumempata mpenzi. Huenda ni mpenzi kweli. Na huenda ni mtu aliyepotea, kama mgeni azungukaye katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa. Mmoja atembea kwa raha akitazama milango ya nakshi, na mwenziwe aitafuta nyumba ya shangazi yake tangu alasiri asiione. Nyayo zao mchangani ni mamoja.

Pili, neno "wageni" katika hesabu hizi si watu. Chombo huhesabu vivinjari. Katika nyumba zetu simu moja yaweza kushikwa na baba asubuhi, mama mchana na mtoto usiku, na hao watatu wakawa mgeni mmoja. Na karani mwenye kompyuta kazini na simu mfukoni, yeye peke yake huwa wageni wawili. Wako wanaozikataa kuki, hao huenda wasionekane kabisa. Na ziko programu zizungukazo intaneti usiku na mchana bila ya mtu nyuma yake, hizo nazo baadhi yake huingia katika hesabu. Mwenye kusema, "mwezi huu nimepata wageni elfu mbili na kumi na tatu," aseme akijua kuwa ile kumi na tatu ni pambo tu.

Tatu, asiyekuja haachi unyayo. Mtu aliyekitafuta kitabu asijue kuwa wewe unacho, hayumo katika hesabu yako. Na aliyekuja na swali ambalo hukulifungulia mlango, utamwona amepita katika milango uliyoifungua tu, nawe utadhani ndiyo aliyoitaka.

Haya matatu ni makosa ya akili, na dawa yake ni kufikiri. Lakini liko la nne, nalo ni la tabia. Ripoti ile ile yaweza kusomwa na watu wawili wakatoka na nia mbili. Mmoja huona watu wengi waondokao katika ukurasa wa malipo, akajiuliza ni kitu gani kinachowatia wasiwasi. Mwengine huona hayo hayo, akauficha mlango wa kutokea. Mwaka 2010 Mwingereza Harry Brignull alianza kuzikusanya hila za namna hii na kuzipa majina: kujiandikisha kwa kugusa mara moja na kujitoa kwa safari ya siku mbili, gharama isiyotajwa mpaka mwisho, na maneno ya kumwaibisha mtu akatae kukataa. Hila hizi hunolewa kwa hesabu za nyayo. Mwenyeji hujaribu mtego huu na ule, akautazama upi uliokamata wengi.

Na la tano ni kubwa kuliko yote, nalo ni upelelezi. Mwezi wa Novemba 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walitoa utafiti juu ya vyombo vinavyorekodi ziara nzima ya mgeni: mwendo wa kishale chake, alipositasita, na herufi azichapazo, hata zile alizozifuta kabla ya kuzituma. Katika tovuti 50,000 zilizo mashuhuri kabisa, walikuta 482 zinazotumia vyombo hivyo vya makampuni waliyoyachunguza. Mwezi wa Juni 2022 waandishi wa The Markup walizitazama tovuti za mahospitali 100 mashuhuri ya Marekani, wakakuta katika 33 mna chombo cha kampuni ya Facebook kinachopeleka khabari mtu abonyezapo kuomba miadi ya daktari. Mgonjwa alidhani azungumza na hospitali, kumbe dirishani pana wa tatu.

Wala tusidhani kuwa mambo haya ni ya mbali nasi. Mwezi huo huo wa Novemba, mwaka 2020, jarida la Motherboard liliandika kuwa programu ya Muslim Pro, ambayo mamilioni ya Waislamu ulimwenguni waitumia kwa saa za Sala na upande wa Kibla, ilikuwa ikitoa khabari za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode, na kuwa khabari za kampuni hiyo zilifika, kwa njia ya wakandarasi, kwa jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kuvunja uhusiano huo mara moja. Mwezi wa Januari 2024 mamlaka ya biashara ya serikali ya Marekani ikaipiga marufuku X-Mode na kampuni iliyoirithi kuuza khabari za mtu kufika mahali pa siri kama hospitali na nyumba za ibada. Lakini maji yaliyokwisha mwagika hayazoleki. Mtu alitaka kujua aelekee wapi katika Sala yake, na wengine wakajua alipo.

Fikirini nani azifunguaye kurasa hizi katika majumba yetu. Ni mwanamke mwenye maradhi ambayo hakumwambia hata shoga yake. Ni kijana aliyezama katika deni. Ni binti aulizaye hukumu za talaka usiku, mamake amelala. Hao wamekuja kwa amana. Mila zetu zamfunza mtoto mdogo kupiga hodi, na kama hakuitikiwa arudi. Suratun Nur imeamrisha kutaka idhini kabla ya kuingia katika nyumba za watu, na Suratul Hujurat imekataza kupelelezana. Katika jambo letu mgeni ndiye aliyeingia kwako kwa hodi, na wewe ndiye uliyeingia mfukoni mwake bila ya hodi.

Watasema: sheria zimekwisha wekwa. Ni kweli. Umoja wa Ulaya uliitia nguvuni sheria yake mwaka 2018, Kenya ikatunga yake mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Lakini tumeona hata idhini yenyewe ikitakwa kwa hila: kifungo cha "Nakubali" kikubwa chenye rangi, na cha kukataa kimefichwa nyuma ya kurasa mbili. Kwa kosa hili la kufanya kukataa kuwe kuzito kuliko kukubali, mamlaka ya Ufaransa ilitangaza mwezi wa Januari 2022 kuwa imeitoza Google Euro milioni 150 na Facebook Euro milioni 60. Sheria yaweza kumlazimisha mtu apige hodi, lakini haiwezi kumpa haya.

Basi hukumu yetu ni hii. Kuhesabu nyayo si haramu wala si upuuzi, bali ni chombo cha kujua nyumba yako ina kasoro gani. Mwenye tovuti aanze kwa kujiuliza ataka kujua nini, na asikusanye zaidi ya hapo. Atakaye kujua ni ukurasa gani wasomwa na ni kiungo gani kimevunjika, daftari la seva yake latosha. Akitaka zaidi, viko vyombo kama Matomo ambavyo mtu aweza kuviweka katika seva yake mwenyewe, khabari zisitoke nje. Katika kurasa za maradhi, madeni na mambo ya ndoa, asiweke mpelelezi yeyote. Na akitaka kujua kwa nini watu hufanya wafanyavyo, awaulize. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kuwa kuketi na watu watano, ukawatazama wakitumia tovuti yako, hufichua sehemu kubwa ya kasoro zake. Watu watano, kwa idhini yao, na kikombe cha kahawa. Gharama hiyo ni nani asiyeimudu?

Ama sisi wageni, nasi tuna wajibu. Tusibonyeze "Nakubali" kwa uvivu. Tukitafute kifungo cha kukataa hata kikiwa kimefichwa, tuzifute kuki katika simu zetu mara kwa mara, na programu isiyohitaji kujua tulipo tusiipe ruhusa hiyo. Ihitajiyo kwa Kibla, tuipe wakati wa kuitumia tu. Na tuwafunze watoto wetu hayo, kwani wao ndio washikao simu zaidi yetu.