Kidole Gumba, Shahada na Spika za Kiogoro

Wapiga gitaa wengi wachanga wa Kisii wana kasi. Simama Kiogoro siku ya harusi ama mazishi, mahali spika zimepangwa kama ghorofa, usikilize solo ikianza kupanda. Mkono unakimbia, ndio, lakini noti zinagongana kama abiria matatu ikifunga breki. Pedali ya mwangwi imefunika kila kitu. Zima hiyo pedali na katika noti nane utapata labda tano zenye mwili. Zingine ni vumbi.

Si kilio cha wajuaji tu hiki. Mwenye sherehe akishindwa kutofautisha gitaa na kelele, mwaka ujao anamwita jamaa wa kinanda: mtu mmoja, biti zimepangwa tayari, bei poa, hakuna uzi wa kukatika. Hivyo ndivyo gitaa linavyopoteza kazi, sherehe moja baada ya nyingine.

Mimi nalaumu mazoezi. Kila msee anayejifunza kwa simu anaanza na lile zoezi la vidole vinne, moja-mbili-tatu-nne, uzi kwa uzi, juu hadi chini. Wiki za kwanza linasaidia. Baada ya hapo mkono unakariri njia moja tu, kama ng'ombe anayejua kwenda mtoni, na ukimpeleka kwingine anagoma. Muziki wenyewe hautembei hivyo. Dawa ni liki za ajabu ajabu, vile vifungu vifupi ambavyo vidole havikuvitarajia. Na hatuhitaji kuvitafuta mbali.

Chukua "Masanga" ya Jean-Bosco Mwenda. Hugh Tracey aliirekodi mwaka 1952 kule Jadotville, mji tunaouita Likasi leo, na baadaye Mwenda mwenyewe akaishi Nairobi kwa muda. Ukiisikia mara ya kwanza utaapa ni magitaa mawili. Ni moja, na mkono wa kulia unatumia gumba na kidole cha shahada, basi. Gumba linashika besi, shahada inaimba juu, na mara nyingi sauti ya shahada inaangukia katikati ya mapigo ya gumba. Kumbe ile kasi tunayoisikia haitoki kwa mkono kukimbia. Inatoka kwa mistari miwili ya polepole inayopishana bila kugusana. Ndiyo maana kila noti ni safi: kila kidole kina muda wa kutosha kufanya kazi yake.

Mwingereza John Low, mpiga gitaa, alisafiri hadi Katanga kujifunza kwa wazee wa mtindo huu, Mwenda akiwa mmoja wao, kisha akachapisha Shaba Diary mwaka 1982. Mtu anafunga safari yote hiyo kwa ajili ya vidole viwili, na sisi tunaoongea Kiswahili kile kile cha nyimbo hizo tunaruka wimbo baada ya sekunde kumi ati rekodi ni ya zamani. Omutibo ya George Mukabi, aliyefariki 1963, imepata dharau hiyo hiyo, na hiyo ni ya hapa hapa magharibi mwa Kenya.

Lakini "Masanga" haitakufundisha piki, na wapiga benga wengi wa leo wanatumia piki. Kwao ningependekeza kifungu cha noti tano kinachochezwa juu ya mapigo ya nne-nne. Hesabu kidogo: kila pigo lina noti nne, lakini kifungu chako kina tano. Pigo la kwanza linakuta noti ya kwanza, la pili linakuta ya tano, la tatu ya nne, halafu ya tatu, halafu ya pili, ndipo unarudi mwanzo. Yaani kila noti, hata ile ya kidole kidogo unayopenda kuificha, lazima ibebe pigo zito mara moja. Na kwa kuwa tano haigawanyiki kwa mbili, piki iliyoanza ikishuka itaanza raundi inayofuata ikipanda. Hakuna pa kujificha, buda. Ukilegea mahali, sikio linajua saa hiyo hiyo.

Hapo ndipo ninapofika kwa obokano, zeze letu kubwa la Abagusii, lenye nyuzi nane na ule mvumo wa chini unaotikisa kifua. Halina freti. Kila uzi una sauti yake, kwa hivyo wimbo wote ni kuruka kutoka uzi hadi uzi. Wajaluo waliichukua akili ya nyatiti wakaitia kwenye gitaa, na benga ikapata ile solo inayodonoa. Sasa jaribu kucheza wimbo wa obokano kwenye gitaa kwa sheria moja: noti mbili zinazofuatana zisitoke kwenye uzi mmoja. Utatafuta freti za juu kwa nyuzi nene na nyuzi wazi kwa noti nyembamba. Mkono utachanganyikiwa kabisa. Kuvuka nyuzi ndiko kunakoharibu kasi ya wengi, na zoezi hili halina kitu kingine.

Kuna wazee wanaosema metronomu inaua benga, inaifanya iwe ya mashine. Siwaungi mkono. Metronomu ni ya chumbani. Weka sitini kwa dakika, noti nne kila pigo, ongeza nne nne, na ukisikia noti moja tu imekufa, rudi nyuma. Ninachokubaliana nao ni kwamba liki isiyoimbika ni sarakasi. Kama huwezi kuimumunya mdomoni ukiosha vyombo, itupe, hata kama ni ngumu kiasi gani.

Na fanya haya yote kwenye gitaa kavu. Jioni stima ikipotea Kiogoro, na huwa inapotea, hakuna ampu wala mwangwi, na jirani anasikia kupitia ukuta wa mabati kila noti uliyoikosa.